Mtungi wa Mgombea

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba. Huku Mbuba tumevuna maharage, na babu yako ameanza tena kutembea mwenyewe hadi kanisani. Umeuliza kama nyinyi wapangaji wa huko Mwanza muungane na mgombea anayeahidi kuwatetea.

Nilipokuwa kijana nilipanga Ngara mjini. Vyumba vilikuwa haba, na wenye nyumba walitufukuza walivyotaka. Tukaitisha mkutano. Mgombea mmoja akaja na mtungi wa pombe ya ndizi, tukainywa pamoja naye kwa mirija. Nawe unajua, kwetu ukishanywa na mtu mtungi mmoja, humpingi mbele za watu.

Jirani yangu Zaituni alikuwa Muislamu, hakunywa. Akasimama. "Mzee, chumba ninacholala ni chako. Utanitetea kwa nani?"

Swali hilo tulikuwa tumekubaliana kuliuliza sote. Mgombea akatutazama mmoja mmoja, nasi tukainamia mirija yetu. Wiki hiyohiyo Zaituni alitolewa chumbani, akahama peke yake.

Msikilizeni huyo wenu. Ila atakachowakaribisha, msikinywe kabla hajawajibu.

Mungu akutunze hapo ulipo.

Bibi yako,
Koleta