Mnazi wa Tatu

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, baada ya chai

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari nitasahau adabu. Hujambo? Wifi hajambo? Kifua chake kimepona au baridi ya huko bado inamsumbua? Na mtoto, ameshaanza kutambaa? Sisi huku tu wazima, ila jua linatukaanga na mvua imetupa kisogo tangu mlipoondoka.

Barua hii naiandika kwa vipande. Nakaa, nasimama, natoka kuangalia minazi, narudi. Mama ameniambia nitulie kitako kama watu, nimeshindwa. Ndiye aliyenipa jina la Kiguu na Njia, na mpaka leo halijachakaa.

Ulitaka nije kabla ya mwezi kwisha, nianze kazi kwa yule fundi cherehani rafiki yako. Nataka kuja, Kaka, nataka mno. Sanduku nimelifunga na kulifungua mpaka zipu imeanza kugoma. Ngoja nikueleze kinachonizuia.

Macho ya Baba yamekwisha. Kwenye simu anakuambia anaona kiasi, usimsadiki. Anaona mwanga na kivuli, basi. Lakini kila asubuhi anatoka chumbani peke yake, bila fimbo, mpaka kwenye benchi la nje ya geti kumsubiri mwenzake fundi saa. Njia yake ni ile minazi minne uliyoipanda. Anagusa shina la kwanza, la pili, la tatu, la nne, amefika. Ukimshika mkono anakuuliza kama umeona maiti ya kubeba. Hicho ndicho alichobakiwa nacho, na hakubali kunyang'anywa.

Sasa ukame ukaingia kwenye minazi hiyo hiyo. Makuti yakaanza kukauka ncha. Mama, unaujua usafi wake, akaona ni uchafu, akazidisha kufagia. Jani likianguka tu, limeshafika jaani. Ardhi ikabaki uchi, ngumu kama sakafu, na maji ukimwaga yanakimbia kumnywesha jirani.

Halafu akaja Mjomba. Kwa uashi simpingi, lakini mjomba wetu hakuna fani asiyokuwa na shahada yake kichwani. Akaitazama minazi, akatangaza kwamba mwenye kiu hapewi maji miguuni, hupewa mdomoni. Akaegemeza ngazi kwenye mnazi wa tatu, uliokuwa umezidiwa kuliko wenzake, akakata makuti hata mabichi ili kuupunguzia mzigo, akawa anamimina ndoo za maji katikati ya kilele. Kila akipita anamimina. Sote tuliona ni maneno ya busara.

Kilichonizindua ni ule mnazi wa nyuma ya bafu, uliojiotea wenyewe, ambao hakuna anayeuhesabu. Pale ndipo Mama anapotupa taka zake za ufagio, na maji ya kusuuzia nguo hushukia hapo siku ya kufua, mengi kwa pamoja. Nimeukuta umenawiri utadhani uko nchi nyingine. Nikafukua yale majani makavu kwa mkono. Mchana wa jua kali, udongo chini yake ulikuwa baridi na una unyevu!

Basi nikauficha ufagio. Lo, tuligombana! Mama alisema wageni watadhani nyumba hii haina mwanamke. Nikamwambia wageni hawamfikishi Baba getini. Aliingia jikoni. Kesho yake nikamkuta amechutama anapanga makumbi ya nazi na majani makavu kuzunguka mashina, kwa mstari, kama anapanga sahani kabatini. Siku hizi tunamwagilia jioni, polepole, mbali kidogo na shina, maji ya kushiba mpaka yazame chini, kisha tunaiacha siku kadhaa. Kuti bichi haliguswi. Mjomba nimemwomba kwa heshima zote ngazi yake ipumzike kwake. Mitatu imeanza kutoa makuti mapya.

Ule wa tatu tulichelewa. Kabla ngazi haijaondoka nilipanda nikalivuta taratibu kuti changa la katikati, lile ambalo bado limefumba. Kwenye mnazi mzima halibanduki. Hili lilinijia lote mkononi, limeoza shinani kwa yale maji ya Mjomba, linanuka. Nililia juu ya ngazi, Kaka. Moyo wa mnazi ukioza hauna mwingine. Tuliukata siku ambayo Mama alimpeleka Baba hospitali ya macho.

Asubuhi iliyofuata nilisikia mlango wa Baba unafunguka. Kumwambia nilishindwa. Nikakimbia nikasimama pale pale kwenye pengo. Akagusa wa kwanza, akagusa wa pili, kisha mkono wake ukatua begani kwangu. Akasita kidogo, akapita zake. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yangu kila asubuhi. Tumepanda mche mpya hapo pembeni, lakini haujanifika hata gotini. Ndiyo maana sijaja.

Leo mkono umekaa begani kuliko kawaida. Nikabana pumzi.

"Mnazi gani huu usiotulia?" akasema. "Mwambie mjomba wako asimike nguzo hapa. Wewe nenda kwa kaka yako."

Sikumjibu. Mnazi haujibu. Akanipapasa shavu, akalikuta limelowa, akaendelea na safari yake hadi getini, wima, bila kukosea.

Kwa hiyo Mjomba anakuja kesho kusimika nguzo, na safari hii namwamini, maana nguzo haihitaji kunyweshwa. Njia yangu iko wazi. Nami tangu asubuhi nazunguka uani, naushika mnazi huu, nauacha ule, na miguu hii iliyonipa jina ndiyo kwanza haitaki kwenda.

Mama anakusalimu na anauliza kama Wifi anakula vizuri. Baba anasema yeye hajambo, umsadiki hapo tu. Mjomba naye anakusalimu. Asikuandikie ushauri ukaufuata. Mbusu mtoto, mwambie shangazi yake yupo. Mungu awatie nguvu, awakinge na maradhi, na atukutanishe Baba akiwa bado anakwenda kwa miguu yake.

Nijibu upesi, Kaka. Niambie nije, kabla sijaota mizizi.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako, Kiguu na Njia