Jina la Bwana Okello Kwenye Makala

Kibuli, Kampala

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na Shangazi Rehema naye hajambo, ila magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha. Nataka kusikia hali ya Mama: dawa ya presha anaimeza, au bado anaificha chini ya mto? Na wewe je, wamekuacha palepale wodi ya watoto? Huku sukari hatujaitia machoni muda mrefu, chai tunainywa hivyohivyo, na sabuni ni ya magendo. Tumezoea.

Barua hii sikuipeleka posta. Anakuja nayo Bi Salma, jirani yetu, anayehamia huko Mombasa moja kwa moja. Ukimaliza kuisoma ichome. Sasa naweza kukueleza yule mama niliyekuletea ni nani, maana ulimpokea na wanawe wawili bila kuniuliza neno, na najua swali unalo.

Kazi yangu unaijua. Napiga taipu kwa Daktari Nsubuga, yule anayekusanya habari za magonjwa kutoka zahanati za wilayani. Mwaka huu amenipa na kazi ya kutayarisha makala za kupelekwa kwenye jarida la matibabu la ng'ambo. Si taipu tu, dada. Wenye jarida wana masharti yao: mistari iachane, kila jedwali likae kwenye karatasi yake, marejeo yaandikwe kwa mtindo wao, nakala tatu. Karatasi za kaboni nimezitumia hadi zinapitisha mwanga, na utepe wa mashine naugeuza huku na huku kama nguo ya shule.

Makala yenyewe ni ya kipindupindu kwenye vijiji vya ufukweni mwa ziwa. Neno hilo hapa halisemwi. Ilitoka amri ya wakubwa kwamba maofisini tuandike "kuhara" tu, na redio haigusi kabisa. Matokeo yake, zahanati zikaacha kuleta taarifa, maana nani atatuma mjumbe mpaka mjini kwa ajili ya kuhara? Na watu wakaendelea kuyanywa maji yaleyale. Hilo ndilo Daktari alilotaka kuliandika: kwamba ugonjwa usiotajwa haufuatiliki.

Aliyethibitisha kuwa ni kipindupindu ni Bwana Okello, fundi wa maabara yetu. Ni Mwacholi wa kaskazini, mrefu, mpole, anapenda kuimba akiosha vyombo vyake. Alikwenda mwenyewe hadi vijijini, akarudi na vichupa vya choo cha wagonjwa amevipakata kwenye basi, akapima. Wakubwa walipomwambia abadilishe neno kwenye majibu yake, alisema, "Mimi naandika ninachokiona. Nikiona kingine nitaandika kingine." Akarudi kwenye darubini yake.

Baadaye wakaja watu wawili wa usalama wenye miwani nyeusi kumuulizia. Bahati yake alikuwa stoo. Mfagizi akamfuata kumwambia, naye akatoka mlango wa nyuma na koti jeupe mwilini. Hatujamwona tena. Wengine wanasema amevuka mpaka, wengine hilo hawalisadiki.

Makala ikabaki mezani kwangu imekamilika, isipokuwa ukurasa wa kwanza wenye majina ya waandishi. La Bwana Okello lilikuwa liwe la pili. Nikamuuliza Daktari, "Jina lake niliandike au niliache?"

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Tukiliandika, watamwendea mkewe wamuulize mumewe yuko wapi. Tukilitoa, tumemwibia kazi yake. Nenda kamuulize mkewe. Hili si la kuamua mimi."

Nikaenda kwenye maghorofa ya Bugolobi wanakokaa. Nilimkuta mkewe, Mama Acen, anapanga sahani kavu kabatini, anazitoa, anazipanga tena. Nikamweleza. Kiswahili chake ni cha hapa Kampala, nakuandikia kama alivyosema:

"Zainabu, jina ukitoa, watoto yangu watajua aje baba yao alifanya kazi gani? Jina ukiweka, hao watu nakuja hapa kesho. Sasa mimi nasema nini?"

Akakaa. Mtoto mdogo akaja kumlalia mapajani, naye mama akawa anampapasa nywele huku anafikiri. Kisha akasema, "Ngoja kwanza mimi natoka. Nikisha fika mbali, andika. Andika jina yote, ya baba yake pia."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Daktari alikuwa amekwishapata barua ya mhariri inayomhimiza, na wakichelewa nafasi anapewa mwingine. Alikasirika? Hapana. Aliiweka barua ile chini ya kitabu, akapanda gari kwenda mwenyewe zahanati moja baada ya nyingine, akiwaambia wauguzi kwa mdomo, bila karatasi, kwamba kipindupindu ndicho, maji yachemshwe, na wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari. Sukari yenyewe ndiyo hiyo ya magendo. Alirudi kila jioni amechoka.

Mama Acen tukamleta hapa kwetu Kibuli. Shangazi akamvalisha buibui lake, watoto akawavika kofia na kanzu za majirani, wakaondoka naye eti wanakwenda matangani Mombasa. Mpakani Busia askari akamsimamisha Mama Acen. "Wewe mama natoka wapi?" Shangazi akadakia, asije Mama Acen akajulikana kwa lafudhi: "Mwanangu, mkwe wangu huyu ana jino linamuua tangu jana, hata mimi hanijibu. Kama una dawa mpe, kama huna tuachie njia, maiti haingoji." Askari akacheka, akawapisha. Shangazi aliwasindikiza mpaka Kisumu, akawapandisha basi la kuja kwako, ndipo akarudi. Anasimulia kana kwamba alikwenda sokoni Kalerwe.

Ilipofika simu yako ya maandishi, "Kanga zote tatu zimefika, hazikuchuja," nilikwenda nayo moja kwa moja kwa Daktari. Akaisoma, akaketi, akasema, "Haya, binti, andika."

Nikatia karatasi safi mashineni. Jina la Daktari, kisha la Bwana Okello, pamoja na la baba yake kama mkewe alivyotaka. Chini yake jarida linataka kila mwandishi aandikiwe anwani ya sasa. Nikamgeukia. "Daktari, yuko wapi? Niandike nini?"

"Andika maabara yetu," akasema. "Kazi aliifanyia pale. Atakayeuliza aje aniulize mimi."

Nikaandika. Makala imeondoka na mgeni aliyekuwa anapanda ndege, na neno kipindupindu limo kuanzia kichwa cha habari. Kama itakubaliwa sijui. Daktari amehamisha wanawe kwa mama yao mkubwa kijijini, yeye mwenyewe anakuja kazini kama kawaida, nami vilevile. Mama usimwambie.

Mwambie Mama Acen hivi, kwa maneno haya haya: jina limeandikwa, yote. Habari za mumewe hatuna, na sitaki kumdanganya kwamba tunazo.

Msalimie Mama na umbusu mkono wake, umsalimie shemeji, na kaka Athumani wa dukani, na mwalimu aliyenifundisha kusoma, wa nyumba ya nyuma. Shangazi anataka buibui lake lirudi atakapopatikana mtu wa kulileta, anasema la akiba limemkaa vibaya.

Ni mimi mdogo wako anayekuombea kheri,
Zainabu