Boksi Lililosainiwa na Jirani

Jumatatu, 4 Agosti
Nasubiri tena. Birika limechemka mara mbili, chai sijanywa. Nachungulia dirishani kila gari likipunguza mwendo. Risasi nilizoagiza mtandaoni zilikuwa zifike leo. Sheria ni dereva aione leseni yangu, nisaini, basi. Siwezi hata kwenda dukani.

Idi ananicheka. Mume wangu huyu, tangu nianze kulenga shabaha kanipachika jina la Kamanda. Mwanamke wa Tanga, kuja ughaibuni kushika bunduki ya marisau! Acheke. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza. Sahani ya udongo ikarushwa juu, nikafyatua, ikasambaratika. Wiki nzima nilikuwa kazini kwenye makao ya wazee, nikiwageuza vitandani na kuwafuta. Pale uwanjani hakuna aliyenihitaji. Nilipenda mno.

Hawakuja.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeitwa kazini ghafla, mtu kaumwa. Niko katikati ya kubadilisha shuka, simu ikatetema: mzigo umefikishwa, umesainiwa.

Umesainiwa na nani?

Nimerudi mbio. Mlangoni hakuna kitu. Idi alikuwa amelala, katoka zamu ya usiku ghalani Wetherill Park. Hakusikia hodi. Nikapiga simu kampuni ya usafirishaji. Muziki. Muziki tena. Mwishowe dada mmoja akaniambia mzigo umepokelewa na "mkazi". Mkazi ni mimi! Akasema atafuatilia.

Nimelala na simu mkononi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimegonga milango ya mtaa mzima. Hakuna aliyeuona. Kwa Mama Clarisse, jirani yetu Mrundi wa ukuta kwa ukuta, hakukufunguliwa mlango. Nguo zake ziko kwenye kamba zinanyeshewa. Si kawaida yake. Yule mama akiona wingu tu huanua na za kwangu.

Idi anasema nisiende polisi kwanza, nitajitafutia balaa. Nimemwambia leseni ni yangu, si yake. Kachukua sahani yake, kaenda kula mbele ya runinga.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeripoti. Askari kanitamkisha jina langu, Hawa, herufi kwa herufi. Akauliza kama kuna mtu nyumbani ananiogopa. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna mtu mimi namwogopa. Hapana.

Wanafunzi wamepita na mikoba yao, nami nawatazama mikononi kama mwendawazimu. Risasi zangu ziko kwa mtu. Jina langu liko juu ya boksi.

Ijumaa, 8 Agosti
Limepatikana. Afadhali lingepotea. Hapana, nafuta hilo. Lakini moyo wangu mzito.

Clarisse alikuja mchana, binti wa jirani yetu, anayeishi Macquarie Fields, upande mwingine wa mji. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama barazani, funguo za mama yake mkononi. Kumbe dereva alimpa Mama Clarisse boksi bila kuuliza chochote. Mama anashona, alikuwa anasubiri vitambaa vyake, akasaini, akakata utepe. Akaona risasi. Kisha akasoma jina langu.

Alimpigia binti yake aje amchukue. Hakubeba hata nguo.

Nikasema, "Clarisse, ni mchezo tu. Nalenga sahani."

Akanijibu bila kuniangalia: "Mimi najua, dada. Lakini mama anasema kwetu vita ilianza hivi hivi. Majirani walianza kupokea maboksi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa mshtuko. Kisha nikakaa pale pale kizingitini.

Clarisse akanitolea boksi chini ya kitanda cha mama yake, lilikofunikwa blanketi. Hakikupungua kitu. Nimewaarifu polisi, nimelifungia kwenye kabati la chuma. Sikusikia raha yoyote.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda Macquarie Fields. Idi alitaka kunisindikiza, nikakataa. Mama Clarisse asije akaona watu wawili mlangoni akaogopa.

Mama Clarisse alikuwa jikoni anachambua maharage. Hakuinuka. Miaka yote ya ujirani, leo ndiyo mara ya kwanza hakuniita mwanangu.

"Ile karto ya risasi ni ya kuwinda?"

"Hapana, mama. Kuna sahani za udongo, zinarushwa hewani, tunazipiga."

"Hizo sahani zimekukosea nini?"

Aliendelea na maharage. Halafu akauliza taratibu kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Hawa, siku watu wakija kunitafuta, wewe utanificha ama utawaonyesha mlango yangu?"

"Nitakuficha."

"Na jirani yetu wa kule alisema ivyo."

Ningeapa kwa lipi? Yule jirani wa kwanza naye aliapa.

Jumapili, 10 Agosti
Nina hasira. Naandika wazi. Sikumtendea mtu ubaya. Nimesoma, nimefanya mtihani, nimekaguliwa nyumba. Kwa nini nione haya kwa kitu kimoja nilichokichagua mwenyewe? Idi kasema niuze bunduki, yaishe. Nimemwambia auze yeye runinga yake ya mpira.

Kisha nikamkumbuka Mama Clarisse na maharage yake, akiniuliza kama nitamficha. Hasira ikaniishia, ikabaki kazi ya kuamua.

Jumanne, 12 Agosti
Nimezungumza na klabu. Kule kule uwanjani wanauza risasi. Ni ghali kidogo, lakini unanunua, unapiga, unarudi mikono mitupu. Bunduki pia wana chumba cha kuitunza, imepata nafasi. Nimeipeleka leo pamoja na boksi lote. Nimefuta akaunti ya lile duka la mtandaoni.

Sijaacha. Nitakwenda tena Jumamosi. Nimempigia Clarisse, nimemwambia yote mawili, hata hilo la kutoacha. Nimechoka kueleza nusu.

Alhamisi, 14 Agosti
Hakuna habari. Nimesafisha baraza zote mbili, yetu na yake.

Jumapili, 17 Agosti
Mama Clarisse amerudi. Hakuanzia kwake, alipiga hodi kwetu. Akasema, "Nionyeshe."

Nikampeleka chumbani, nikafungua kabati la chuma, sasa tupu. Akainama, akatazama kila kona. Akapitisha kiganja kwenye rafu. Idi alisimama ukumbini, hakuthubutu kukohoa.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Nikamwuliza kama atakunywa chai. Akafikiri. Akasema kidogo tu, bila sukari. Tukanywa. Hatukuzungumza mengi: baridi, goti lake, bei ya mihogo.

Sijui kama ananiamini. Sikumwuliza.

Sasa jua liko upande wa ua. Nasikia cherehani yake ng'ambo ya ukuta. Inakwenda, inasimama, inakwenda tena.