Nikiri mpango wa kando nisio nao?

Mpendwa Shangazi Fancy, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili naitwa kwa wakwe huko Njoro kujibu mashtaka. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na sheria haituruhusu kuendesha zaidi ya masaa nane kwa siku, na tajiri ameweka kifaa kwa gari, ukizidisha anakupigia simu mwenyewe, kwa hivyo nikifika Nakuru napumzika nyumbani Rhonda, lakini Shangazi, kupumzika ni jina tu, kwa sababu shemeji yangu Kibii ana pikapu ya maziwa na akiiendesha mwenyewe eti mgongo unamuuma, na mama mkwe akisikia nimefika anapiga simu, "Jerry mwanangu, si uko tu? Kuja usaidie Kibii," na mama mkwe hakataliwi, basi siku ya kulala naimaliza na mitungi ya maziwa halafu narudi kwa lori macho mazito, mpaka nikasinzia karibu na Kikopey nikaamshwa na changarawe chini ya magurudumu, nikasimamisha lori nikashindwa hata kufungua mlango.

Tangu hapo naegesha lori Gilgil, sifiki nyumbani, nafunga pazia nalala, nikiulizwa nasema niko Malaba. Nilinunua hata mto mzuri wa kulalia, wa maua. Sasa Kibii amepita Gilgil na pikapu yake akaona lori, akaona mto umeanikwa dirishani, akaambia dada yake, mke wangu Cheruto. Cheruto haniongeleshi, ananiuliza tu, "Mwenye mto anaitwa nani?" Nimefikiria nikiri tu kuna mwanamke, nitoe mbuzi wa faini yaishe, kwa sababu nitamwambiaje mama mkwe usoni kwamba nilikuwa namkimbia yeye?
Jerry, Rhonda

Jerry,
Wanaume huniandikia wakitaka kuficha mwanamke waliye naye. Wewe ni wa kwanza kutaka kukiri usiye naye. Na Cheruto akikuuliza jina lake, utasema nani? Njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia Gilgil. Usijaribu nyingine.

Nilicheka mpaka nikafika kwa ile changarawe, hapo nikaacha. Umeniambia mimi, mtu usiyemjua, na mkeo hajui kwamba karibu akuzike? Aibu gani hiyo, baba? Kifaa cha tajiri hakihesabu pikapu ya Kibii, lakini macho yako yanaihesabu. Ukiendesha maziwa mchana hukupumzika, hata kama lori lilikuwa limezimwa.

Sasa sikiza. Usingoje Jumapili. Leo mwambie Cheruto habari ya Kikopey, yote, hata vile ulishindwa kufungua mlango. Jumapili beba huo mto mpaka Njoro, uuweke mezani kwa mama mkwe, umwambie kwa heshima: "Mama, nikiwa nyumbani mchana, hesabu kwamba ni usiku wangu." Kisha muulize Kibii, mbele ya watu, huo mgongo wake ulimfikishaje Gilgil.

Mama mkwe ni mzazi, Jerry. Alitaka maziwa yafike, hakuna aliyemwambia kwamba binti yake angeweza kubaki mjane kwa sababu ya mitungi. Mwambie wewe. Halafu rudi Rhonda na mto wako, ulale kitandani kwako.