Furaha Haiko ya Kuuzisha

Maman Bahati, dada yangu mupenzi,

Bukavu iko na baridi, lakini samaki sambaza za kukaanga ziko moto, basi ninavumilia.

Jana mutoto wangu Furaha alinipeleka ku institut anaposomea, kwenye sikukuu ya historia ya watu weusi. Wanafunzi walicheza teatri juu ya watu wetu waliouzwa na kupakiwa mu meli ya Amerika. Furaha alikuwa kati ya wale waliofungwa kamba, na hakuna aliyefungwa vizuri kama yeye. Alikuwa ameniomba: "Maman, tafazali, leo usinipatishe haya. Ukae kimya." Nikakubali.

Halafu kijana aliyecheza muuzaji akamushika kidevu, akauliza ukumbi: "Nani anamutaka huyu?" Akauliza tena. Nikasimama.

"Huyu haiko ya kuuzisha! Iko na mama yake, mimi hapa!"

Muuzaji akasahau maneno yake. Profesere akaninong'oneza: "Maman, hiyo haiko mu teatri."

"Ninajua. Ndiyo maana nimeisema."

Pale musichana aliyefungwa pembeni ya Furaha akauliza: "Na mimi, maman?"

"Na wewe vilevile. Mufungue kamba, wote!"

Wakafungua, watu wakapiga makofi, teatri ikaisha. Meli ya kartoni ilibaki nyuma ya pazia, haikutumika.

Leo asubuhi Furaha ameniambia nimemupatisha haya mbele ya institut nzima. Alisema vile akinisuka nywele, polepole, kama mutu asiyetaka kumaliza.

Unikumbatilie watoto, na Mungu awachunge wote kule Shabunda.

Dada yako,
Maman Furaha