Gari la Marodoka Kwenye Ua wa Hayrat

Jumamosi, 3 Aprili 1982. Marodoka, Nosy Be

Nimelinunua! Wacha waseme.

Nilikuja huku kutengeneza cherehani za watu, narudi Mahajanga na gari. MG, la Kiingereza, viti viwili, halina paa, usukani uko kulia kama magari ya kwetu Unguja nilipokuwa mdogo. Lilikuwa bandani kwa Mohamadi, nyuma ya duka la marehemu baba yake, kuku wamelala juu ya boneti. Rangi nyekundu. Ukiisugua kwa kitambaa bado inang'aa. Kutu ipo, ndiyo — kingo za milango, pembeni mwa taa. Mohamadi anasema ni kutu ya juu juu, kama ukoko wa wali, ukikwangua chini yake kuna chakula. Mwenyewe wa kwanza alikuwa vazaha, Mzungu mmoja aliyekaa Andilana. Wazungu walipoondoka naye akaondoka.

Nikaipiga sakafu kwa ngumi. Nzito! Ngumu! Nikajiambia, hiki ndicho chuma cha zamani, si haya makopo ya siku hizi.

Nimetengeneza cherehani na redio maisha yangu yote. Gari nalo ni mashine. Litanishinda nini?

Jumatano, 14 Aprili. Mahajanga

Limefika. Winchi ililitua gatini na unga mwekundu ukamwagika chini yake. Makuli wakacheka. Mmoja akauliza kama huko Nosy Be mchwa wanakula chuma. Tukalifunga nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe, tukalivuta hadi mtaani kwetu Tsaramandroso, mimi nimeshika usukani, watoto wa mtaa wakinifuata — vazaha! vazaha! — na mimi nimeinamisha uso.

Hayrat alikuwa mlangoni. Mke wangu si mtu wa kelele. Aliuliza nitaliweka wapi. Uani, nikasema.

— Ua wa nani, Baba Echata?

Basi. Kwetu Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na nguo zake, na akitoka hutoka na nguo zake. Nilijua hayo nilipooa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi jembe nimelishika karibu miaka ishirini na bado ni mgeni! Kitanda chake, sufuria zake, hata msumari ninaotundikia kofia aliupigilia baba yake. Gari hili ndicho kitu cha kwanza nilicho nacho ambacho hakikupita mikononi mwa ukoo wao.

Ameniruhusu niliweke, lakini kwa kidole tu alinionyesha mahali.

Naandika haya kwa Kiswahili. Humu ndani hakuna anayekisoma, alhamdulillahi.

Ijumaa, 23 Aprili

Baada ya sala nililala chini ya gari na bisibisi. Nikachoma sakafu. Bisibisi ikazama mpaka mpini! Nikaivuta, ikatoka na pamba.

Pamba!

Nikachokoa tena. Pamba, halafu tabaka jeupe gumu linalonuka mafuta ya papa. Nikajua, lakini nilikataa kujua kwa muda. Ni deheni. Chokaa na shahamu, ile wanayopaka matumbo ya majahazi. Yule mwizi Mohamadi alimpa gari fundi wa kalafati, wa kuziba majahazi! Sakafu yote, na mabati marefu yaliyo chini ya milango, kutu imeshayala zamani. Fundi wa watu akakaa na patasi yake akaziba nyufa kama alivyozoea, akapaka rangi nyekundu juu, na kwa hakika alifanya kazi nzuri. Gari hili likitiwa baharini litaelea.

Na yule vazaha alikuwa akilikimbiza ufukweni, magurudumu majini. Mtu yeyote wa Andilana angeniambia kama ningeuliza. Sikuuliza. Mimi, mtoto wa pwani, nimegonga deheni kwa mkono wangu nikaiita chuma! Nimecheka peke yangu chini ya gari, na nimelia pia, kidogo.

Hayrat kauliza nacheka nini. Nimemwambia hakuna.

Jumamosi, 8 Mei

Mkosi.

Nilimaliza kukwangua deheni yote. Nikayakata mabati yaliyooza chini ya milango, kulia na kushoto, nianze na kitu safi. Nikaenda kunywa chai. Nikasikia mlio, kama mtu anararua kanga. Nikarudi mbio — gari limekaa! Limepinda katikati, pua juu, matako juu. Milango haifungi wala haifunguki.

Sasa naelewa. Gari lisilo na paa limebebwa na yale mabati ya chini. Yalikuwa yameoza, lakini yalikuwa yanabeba. Nimekata yote mawili kwa siku moja kwa sababu sikutaka kungoja.

Athoumani wa kuchomelea amekuja, amelizunguka, amesema pole. Gesi ya kuchomelea haipo mjini na hajui itakuja lini. Sabuni haipo, mchele kwa foleni, sembuse gesi!

Maji nimeyavulia nguo. Nitayaoga.

Jumanne, 15 Juni

Shemeji Boinali kashuka kutoka Reunion, na viatu vyake vya kamba na harufu yake ya sabuni. Yeye ni kaka wa Hayrat, mjomba wa binti yangu Echata. Kaka mkubwa wa kila mtu, ukimsikiliza.

Leo wamekaa ukumbini bila kuniita. Nikaitwa wakati wa kahawa. Echata ataolewa na Mmadi, yule karani wa bohari, baada ya mfungo. Kijana si mbaya. Lakini binti wa Kingazija haolewi bila nyumba, na kumjengea binti nyumba ni kazi ya baba. Kila mtu pale alijua. Hakuna aliyelisema. Boinali akasema tu kwamba yeye atajenga chumba na sebule, hapo uani. Upole wake ulinichoma kuliko tusi.

Nikasema gari liko hapo. Akasema: Tutajenga nyuma yake, shemeji, wewe utakuwa umeshalitengeneza.

Wakacheka. Echata hakucheka. Alikusanya vikombe.

Jumanne, 6 Julai

Ramadhani. Nasugua kutu kwa msasa nikiwa na kiu. Vumbi lake linaingia mdomoni. Je, linavunja saumu? Simuulizi mwalimu wa msikitini, atacheka naye.

Kuta zimefika madirishani. Wajenzi wanatundika mashati yao kwenye usukani wangu.

Alhamisi, 19 Agosti

Nyumba imekwisha. Chokaa nyeupe, mlango wa kijani. Na mbele ya mlango, hatua moja tu, gari langu! Mtu akitaka kuingia lazima ajibane ubavu.

Leo Hayrat kaja uani. Kwa mara ya kwanza aligusa gari, kaweka mkono juu ya taa. Kasema taratibu: Bwana harusi hawezi kuingia kwa mkewe akijibana kama mwizi. Litoke.

Nikamwambia halitoki. Likiinuliwa litakatika vipande viwili.

— Basi likatike.

Boinali naye yuko nyuma yake. Nondo hazipatikani mjini, anasema. Tulipasue, vyuma vyake tuvilaze kwenye zege la baraza. Litabaki kwa mtoto, shemeji, si ni sadaka hiyo?

Sadaka! Sijui nini kilinipanda. Nimewaambia: Mjomba kajenga nyumba, mjomba kanunua samani, mjomba kachinja ng'ombe. Haya. Lakini mjomba hawezi kuozesha! Walii wa ndoa ni baba, na baba ni mimi. Likiguswa gari hili, tafuteni mtu mwingine wa kumwozesha binti yangu.

Hayrat alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, na si kwa kunipenda.

Nilijisikia mkubwa. Mpaka magharibi nilijisikia mkubwa! Sasa naona haya kuingia ndani.

Ijumaa, 27 Agosti

Hawakuligusa. Wamelifunika! Kwa shiraa, tanga jeupe la jahazi, na juu ya shiraa wametandaza vitambaa na sinia za haluwa, ili watu wa Mmadi wadhani ni meza. Nimelifunua. Sinia nimezipanga chini vizuri, sikumwaga kitu. Nimeingia, nimekaa.

Nimekaa tangu watoke msikitini. Nimevaa joho. Wageni wamejaa ukumbini, mwalimu ameshakaa kwenye mkeka, Mmadi ameshakaa mbele yake, nafasi ya baba iko wazi. Boinali kaja mara ya kwanza, nikamwambia nakuja. Kaja mara ya pili, safari hii hakuniita shemeji, kaniita kwa jina langu, Zoubeiri. Hayrat hakuja. Namsikia jikoni akigawa wali kwa sauti ya kawaida kabisa.

Sina ninalolitaka. Hilo ndilo jambo lenyewe. Hakuna aliyeniambia gari litoke leo. Wamenipa nilichodai, na bado siwezi kuinuka.

Echata kaja sasa hivi. Peke yake, amejifunika shiromani, bibi harusi ambaye hatakiwi kuonekana na mtu! Kajibana kati ya ukuta na mlango wangu usiofunguka, kaupanda, kaketi kiti cha pili. Hina ya miguuni bado mbichi. Chini hakuna sakafu, ni mchanga, kwa hiyo ameinua miguu yote miwili juu na kuikumbatia, kama alivyokuwa akikaa mtoto.

Nilingoja alie. Au anitukane. Ningejua la kufanya.

Kauliza:

— Likipona, Baba, ulitaka uende nalo wapi?

Nimemwambia ngoja niandike kitu kidogo. Naandika ili nisimjibu. Hajashuka. Miguu imeanza kumtetemeka kwa kuiinua, na sasa mwalimu mwenyewe anaita kutoka ukumbini, ananiita kwa jina langu na la baba yangu.