Kiti cha Mwenyekiti

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kariakoo hatujambo. Goti la bibi yako limetulia.

Umeniuliza kama huyo makamu wa rais wa Marekani unayemsoma chuoni, wa karne ya kumi na tisa, aliona uchungu kukaa miaka yote bila kuulizwa neno. Aliona.

Ujanani nilikuwa makamu mwenyekiti wa wauza vitenge wa mtaa wetu. Siku alipokuja mgeni rasmi, mwenyekiti aliumwa. Kiti chake kikawekwa meza kuu, kitupu, kwa heshima yake. Nikasimama kando, nikasoma risala niliyoiandika mwenyewe. Mgeni akamshukuru mwenyekiti.

Nikaendelea kusimama mpaka shughuli ikaisha. Hakuna aliyenikataza kukaa, Salma. Nilikuwa nangoja kuambiwa.

Babu yako